Nilimshonea Kanzu, Leo Ananichuchumaza

Sisi wa Lamu hatuna hata gari la kusingizia. Mtu wa Mombasa akiota kitambi atasema ni matatu, hatembei. Mimi wa mtaa wa Langoni nimlaumu nani, punda? Nao siwapandi. Siku niliyojaribu, mwenye punda alinitazama mimi, akamtazama mnyama wake, akasema, "Ami, huyu amebeba saruji tangu asubuhi. Mwonee huruma."

Kazi yangu ni cherehani. Kutoka kitandani hadi dukani ni hatua arubaini, nimezihesabu, na hizo ni pamoja na ngazi. Mwilini mwangu kinachofanya mazoezi ni nyayo mbili tu, zile za kukanyagia cherehani. Sehemu zilizobaki zote zinasubiri chakula.

Binti yangu ndiye aliyenitia mashakani. "Baba, Shela kuna kundi la mazoezi. La wanaoanza." Wanaoanza! Neno hilo nalishtaki mpaka leo.

Kwanza, kundi lenyewe halifuati saa, linafuata maji. Yakijaa hakuna pa kuruka, kwa hiyo unangoja yapwe, mchanga ukaze. Pili, Shela ni kama kilomita 3 kutoka mjini kwa kufuata ufuo. Nilipofika nilikuwa nimelowa kama niliyevuka kutoka kisiwa cha Manda kwa kuogelea. Nikadhani mazoezi ndiyo yale, nikageuka nirudi. Kijana akanishika mkono: "Ami, bado hatujaanza."

Nikawatazama hao wanaoanza. Wapakuzi wawili wa majahazi, migongo kama milango ya Kiamu. Mvuvi mmoja. Na nahodha mstaafu wa miaka sabini na kitu ambaye tumbo lake limeingia ndani kama lina aibu. Hawa wanaanza nini? Ni kama kupelekwa kufundishwa kuogelea darasa moja na changu na tewa. Nikajificha safu ya nyuma kabisa. Mwalimu akasema, "Geukeni, tutazame bahari." Nyuma ikawa mbele.

Na mwalimu mwenyewe ni nani? Ni kitoto nilichokishonea kanzu yake ya kwanza ya Maulidi! Alilia nilipompima shingo, kamasi zikaniingia kwenye futi. Leo ana firimbi.

"Chuchumaa! Inuka!" Kushuka nilishuka vizuri sana, hilo ni jambo la uzito na uzito ninao. Kuinuka ndiko kulikotaka harambee. Nahodha akaniinua kwapa la kulia, mpakuzi la kushoto, kama wanaopandisha jahazi pwani.

Mwalimu akatufundisha kipimo: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, basi unakwenda kwa kasi inayofaa. Akaniuliza, "Unajisikiaje, Ami?" Nilinyanyua kidole kimoja. Alidhani namaanisha bado raundi moja.

Ati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nimegawanya: nusu saa kwa siku, siku tano. Mimi nusu saa ndiyo naitumia kutafuta kifungo kilichoanguka, na nikikiona namwita mtoto akiokote.

Kurudi mjini, habari zimenitangulia. Hapa intaneti ni ya wageni, wenyeji tuna mabaraza. Nafika uwanja wa Mkunguni, wazee wananipa pole: "Tumesikia umeanguka." Sikuanguka. Nilikaa bila kupanga.

Siku hiyo nililala vizuri. Ya pili ndiyo iliyoniua. Mapaja yalikaza, ngazi za nyumba nikazishuka kinyumenyume kama mtu anayeingia kisimani, mke wangu akisimama chini na sahani ya mahamri akinihesabia. Nimempigia simu mwalimu kumlaumu, ananiambia maumivu ya siku ya pili ni kawaida kwa mwili usiozoea, yatapoa baada ya siku chache, ila Jumatano nisikose. Kawaida! Mwambie mtu anayeshikilia ukuta ili akae chooni.

Sasa leo, Mungu si Athumani, yule kijana mwenye firimbi kaja dukani. Anaoa, anataka kanzu. Nikachukua futi, nikavaa miwani polepole.

"Mikono juu, mwanangu."

Akainua.

"Juu zaidi. Hapo hapo. Usishushe."

Nikaagiza kahawa.