DHEA na insulini: matumaini yametangulia ushahidi

Tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, hutoa homoni mbili zinazotajwa sana panapozungumzwa sukari. Kuhusu kortisoli hakuna ubishi mkubwa: hulichochea ini litengeneze glukosi na kuifanya misuli isiipokee vizuri, hata kongosho likalazimika kutoa insulini zaidi. Anayemeza prednisoloni, dawa ya jamii hiyo, saa mbili asubuhi huweza kuliona hilo kwenye kipimo chake: kabla ya chai sukari iko sawa, jioni imepanda. Ndiyo maana kipimo cha alfajiri peke yake kinaweza kumpotosha.

Ubishi uko kwa homoni ya pili, DHEA, ambayo hupungua sana umri unaposonga. Kwa kuwa usikivu wa mwili kwa insulini, yaani jinsi unavyoiitikia, nao hupungua uzeeni, wapo wanaoamini kwamba kuirudisha homoni hiyo kutaurudisha na usikivu. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mwaka 2004 Villareal na Holloszy, huko St. Louis nchini Marekani, waliwagawa wazee 56 makundi mawili; waliopewa miligramu 50 za DHEA kila siku kwa miezi 6 walipungua mafuta ya tumboni, na insulini iliyohitajika kuikabili glukosi waliyonyweshwa ilishuka.

Hata hivyo, mwaka 2006 Nair na wenzake wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichapisha utafiti wa miaka 2 kwa wazee wenye DHEA kidogo. Homoni ilipanda kwenye damu kama ilivyokusudiwa, lakini usikivu kwa insulini haukubadilika. Mimi naupa uzito zaidi utafiti huu, kwa kuwa ulidumu mara nne ya ule wa kwanza na kuhusisha watu wengi zaidi. Isitoshe, mambo mawili kupungua pamoja hakuthibitishi kwamba moja linaliendesha jingine: misuli nayo hupungua uzeeni, na ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari iliyomo kwenye damu insulini inapofanya kazi.

Linalonifikirisha zaidi ni kwamba mwaka 2005 Nair huyohuyo alishiriki utafiti wa wanawake 28 ambao tezi zao za adrenali zilikuwa zimeshindwa kazi, na kwao DHEA iliongeza usikivu huo. Kujaza pengo lililoachwa na tezi iliyougua, basi, ni jambo tofauti na kupambana na umri, na mzee mwenye kisukari anayepunguza metformini, dawa yake ya kushusha sukari, kwa kutegemea vidonge vya DHEA anaegemea matokeo ya wagonjwa wasiofanana naye.