Kiongozi hodari na habari mbaya asizoletewa

Tabia za viongozi wanaowazidi wenzao kwa utendaji hazina siri. Hujiwekea viwango vya juu, huamua haraka, hawakati tamaa upesi, na hufuatilia jambo dogo ambalo wengine wangelipita. Kinachobishaniwa ni gharama yake. Wapo wanaoamini kwamba kukosa usingizi, upweke na hofu ya kuonekana hutoshi ni bei halali ya mafanikio; ukimtuliza mtu wa namna hiyo, umezima moto uliomfikisha alipo. Wengine wanasema hayo ni maradhi kama maradhi mengine, na kwamba viongozi hao wangefanya makubwa zaidi kama wasingekuwa nayo.

Hoja ya kwanza ina uzito. Taasisi inayozama haiokolewi na mtu anayeogopa kumsumbua yeyote. Lakini tazama yaliyomkuta António Horta-Osório, aliyekabidhiwa benki ya Lloyds ya Uingereza Machi 2011, baada ya serikali kuiokoa kwa fedha za umma. Novemba mwaka huohuo alilazimika kuacha kazi kwa muda kwa sababu ya uchovu na kukosa usingizi. Alirudi Januari 2012, na kufikia Mei 2017 serikali ilikuwa imeuza hisa zake zote katika benki hiyo. Kila upande unaweza kumdai kuwa shahidi wake: bidii yake ilimwangusha, na bidii hiyohiyo, baada ya mapumziko, ikaifikisha benki mahali pazuri.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinamwangalia mno kiongozi mwenyewe, usingizi wake na moyo wake, na kusahau walio chini yake. Swali zito zaidi ni hili: viwango vyake vikali vinafanya nini kwenye midomo ya wasaidizi wake?

Alan Mulally alipoingia kuiongoza Ford, kampuni ya magari ya Marekani, mwaka 2006, kampuni ilikuwa njiani kupata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12 mwaka huo. Aliwataka wakuu wa idara walete ripoti kila wiki zikiwa na rangi: kijani kwa kazi inayokwenda vizuri, njano kwa yenye mashaka, nyekundu kwa iliyokwama. Ripoti zikaja kijani tupu. Kampuni inavuja mabilioni, na hakuna idara yenye tatizo! Mark Fields, mmoja wa wakuu hao, alipothubutu kuleta nyekundu, kuhusu gari jipya lililokuwa limechelewa kutoka, chumba kilinyamaza. Mulally akampigia makofi, kisha akauliza nani anaweza kumsaidia. Baada ya hapo wengine nao wakaanza kuleta nyekundu zao. Mwaka 2009 General Motors na Chrysler, washindani wake wa Marekani, ziliingia mufilisi, Ford haikuingia.

Volkswagen, kampuni ya magari ya Ujerumani, nayo ilikuwa na kiongozi hodari. Martin Winterkorn alijulikana kwa kukagua hata kasoro ndogo za magari, na kampuni ilikuwa imejiwekea lengo la kuwa ya kwanza duniani kufikia 2018. Septemba 2015 ikabainika kwamba magari yake ya dizeli yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Yalikuwa kama milioni 11. Winterkorn alijiuzulu akisema hakujua kosa lolote kwa upande wake. Hata tukimchukulia kwa neno lake, fikiria maana yake: mtu aliyeona kila kasoro hakuletewa iliyo kubwa kuliko zote. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi ya kampuni hufichwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kuogopa.

Hapa ndipo mahangaiko ya ndani ya kiongozi yanapokutana na kazi yake. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes walieleza hali ya wanawake waliofanikiwa kuishi wakihofia kwamba siku moja watagundulika hawana uwezo. Kiongozi mwenye hofu hiyo husikia habari mbaya kama mashtaka dhidi yake. Hukunja uso, na wasaidizi huusoma uso huo haraka kuliko waraka wowote.

Utaniambia kwamba kupokea habari mbaya kwa upole kunazaa uzembe. Kunaweza, ikiwa nyekundu ya wiki hii itabaki nyekundu miezi sita bila mtu kuulizwa. Mulally hakushusha viwango. Ripoti zilirudi mezani kila wiki, na kila mkuu alitakiwa aonyeshe kazi yake imesogea wapi. Alichokiondoa ni adhabu kwa msema kweli, na hilo ni gumu kwa mtu aliyezoea kujiadhibu mwenyewe kwa kila kosa.

Ndiyo maana siridhiki na jinsi viongozi wa aina hii wanavyopimwa. Bodi huuliza matokeo, labda na afya. Ziwaulize pia wasaidizi wa kila kiongozi: mara ya mwisho ulimpelekea lini habari mbaya, na baada ya hapo ulitendewaje?