Tela la boti mchangani: sinunui tena gurudumu la mpira mgumu

Jumamosi iliyopita tulikwama na tela pwani ya Nungwi zaidi ya saa nzima. Boti ya faiba iko juu, watu sita tunasukuma, na lile gurudumu dogo la mbele, la mpira mgumu usiotiwa upepo, limezama mpaka kwenye uma. Ilikuwa bamvua na maji yameshageuka. Nahodha mmoja mzee aliinama akalitazama. “Mwanangu, gurudumu la sakafuni hili.”

Alisema kweli. Nililichukua kwa sababu dukani nilihakikishiwa halipati pancha. Halipati, lakini hapa kwetu kinachotutesa ni mchanga, ule mweupe laini kama unga wa muhogo. Mpira mgumu mwembamba unagusa chini kidogo tu, na uzito wote wa pua ya tela unaangukia hapo. Tairi la upepo likilegezwa hutandazika, uzito ukasambaa.

Uingereza, ambako watu huvuta nyumba za magurudumu kwenda nazo likizo, hushauriwa pua ibebe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote. Kwa tela na boti vya kilo 700, hiyo ni kilo 35 hadi 49. Haifiki mfuko mmoja wa saruji, na ilitosha kutuzamisha! Wao lakini huegesha sana kwenye nyasi au zege, na nyumba hiyo inakaa hapo hata miezi. Mpira usioishiwa upepo unawafaa.

Mimi sasa nimefunga tairi la toroli, 4.00-8, yaani upana inchi 4 na rimu ya inchi 8. Fundi wa kuchomea alinipanulia uma. Ukubwa wake ndio ninaoupenda zaidi: linapanda juu ya mchanga, haliulimi. Sijazi upepo mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Naacha ubavu ulegee kidogo, si sana, tairi lisije likateleza kwenye rimu na kung'oa vali ya tyubu. Mwenye pwani ya mawe achukue viraka na tyubu ya akiba.

Na jamani, chumvi! Kila likitoka baharini lioshwe kwa maji baridi, beringi itiwe grisi.

Lile la zamani nimempa fundi wa boti mwenye karakana ya sakafu ya zege. Kwake linazunguka vizuri kabisa.