Uzito wa ndege ambayo bado haipo

Ukitaka kumjua mhandisi wa ndege, usimwombe akuonyeshe mchoro. Muulize ndege yake itakuwa na uzito gani, kabla hajachora hata bawa moja.

Swali linasikika la kijinga, maana utapimaje kitu ambacho hakipo? Ila halikwepeki. Ukubwa wa bawa unategemea uzito, nguvu ya injini vilevile, mafuta vilevile, na uzito wenyewe unatokana na hilo bawa, hiyo injini na hayo mafuta. Kwa hiyo unakisia, unapiga hesabu, unarekebisha, unarudia mpaka namba zitulie.

Tuseme unataka ndege ndogo ya kubeba kilo 1,000 za watu na mizigo, rubani akiwemo. Umekadiria mafuta yatachukua asilimia 20 ya uzito wa kuruka, na ndege tupu, yaani bodi, injini, viti na nyaya, asilimia 60. Zile kilo 1,000 zimebakiwa na asilimia 20, basi ndege itaruka na kilo 5,000. Sasa ukute ulikosea kidogo, ndege tupu ni asilimia 62. Kilichobaki ni asilimia 18, na abiria wako ni walewale: ndege imefika takriban kilo 5,560. Kosa la asilimia mbili limezaa zaidi ya nusu tani. Akija mtu wa mauzo anayetaka kilo 50 za viti vya kifahari, kwa hesabu ya kwanza amekuletea kilo 250, kwa sababu viti vyake vinahitaji bawa la kuvibeba, injini ya kulisukuma bawa hilo, na mafuta ya injini hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodharau majedwali ya uzito wa ndege za zamani. Siku hizi programu ya kompyuta inaweza kukupa uzito wa kila ubavu wa bawa mpaka gramu, na kijana aliyetoka chuoni anaiamini kuliko mstari uliochorwa kupitia takwimu za ndege zilizotangulia. Mimi, katika wiki za mwanzo, nauamini mstari. Programu inapima ulichochora tu. Gundi, rangi, ribiti, mabomba, vibano vya nyaya na kile kipande cha bati utakachoongeza baada ya majaribio, vyote hivyo haivijui. Ndege zilizo kwenye jedwali zilipandishwa kwenye mizani zikiwa na makorokoro yote hayo. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vya ndege hujazwa na vitu visivyo na jina kwenye mchoro.

Jedwali nalo lina mipaka yake: linasema kweli pale ndege yako inapofanana na wenzake. F-35B, ndege ya kivita ya Marekani, haikuwa na wa kufanana naye: ilitakiwa ipite kasi ya sauti, ifiche umbo lake kwa rada, na itue wima. Kufikia 2004 ilikuwa wazi kwamba imezidi uzito kwa zaidi ya kilo 900. Kwa ndege ya kutua wima hilo si jambo la kujadili bei, kwani injini ama inaibeba ama haiibebi. Lockheed Martin, kampuni inayoiunda, ikaanzisha kikosi maalumu cha kuwinda uzito, mradi ukachelewa, na chumba cha silaha kikafupishwa. Mpaka leo F-35B inabeba ndani mabomu ya kilo 450 hivi, wakati ndugu zake F-35A na F-35C, zisizotua wima, zinabeba ya kilo 900.

Anayenivutia mimi ni Ed Heinemann, mbunifu wa ndege wa kampuni ya Douglas. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa tayari kupokea ndege ya mashambulizi yenye uzito wa hadi kilo 13,600 hivi. Heinemann akaleta A-4 Skyhawk, iliyoruka mara ya kwanza Juni 1954, ikiwa na karibu nusu ya uzito huo. Bawa lake lilikuwa na upana wa mita 8.4 tu, likatosha kwenye meli ya kubebea ndege bila kukunjwa. Bawa lisipokunjwa, bawaba zinaondoka, na mitambo ya kukunjia inaondoka nazo. Hesabu ileile ya kilo 50 kuzaa 250, yeye aliigeuza ikafanya kazi kinyumenyume. Kwa maoni yangu hakubahatika kukadiria vizuri. Alichagua namba ndogo mapema, akailazimisha kila idara kuitii.

Wahandisi wengi hutenga akiba ya uzito, asilimia kadhaa juu ya makadirio. Ni sawa, mradi ufunguo wa akiba hiyo awe nao mtu mmoja mbishi. Ikijulikana kwamba ipo na iko wazi, watu wa injini watachukua kidogo, watu wa umeme kidogo, na itakwisha kabla bati la kwanza halijakatwa.

Vijana wanaounda droni hapa kwetu wangeanza na hesabu hii kabla ya kuagiza mota, hasa wa Nairobi, ambako hewa ya zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari ni nyepesi na bawa linabeba pungufu kuliko Mombasa kwa mwendo uleule. Tena wao wana adhabu ya ziada. Mafuta huungua na ndege ikazidi kuwa nyepesi njiani. Betri iliyoisha chaji inatua na uzito wake wote.