Foleni ya Ukaguzi Haipangwi kwa Wastani

Tuseme abiria 600 wanafika kwenye ukaguzi wa usalama wa uwanja wa ndege ndani ya saa moja, na kila njia ya ukaguzi hupitisha 150 kwa saa. Kwenye karatasi, njia 4 zinatosha. Lakini robo saa ya kwanza wamekuja 90, ya pili 120, ya tatu 240, ya nne 150. Njia hizo hupitisha 150 kila robo, hivyo robo ya tatu inaacha watu 90 kwenye foleni, na wa mwisho atangoja dakika 9. Robo ya nne haipunguzi hata mmoja. Njia ya tano ikiwa wazi tangu robo ya tatu inapoanza, wanabaki kama 52. Ikifunguliwa baada ya foleni kuonekana, tayari umechelewa.

Ndiyo maana naamini uigaji wa kompyuta, yaani modeli inayoigiza foleni kabla haijatokea, uende kwa vipande vya dakika 15 au chini ya hapo, ukianzia kwenye ratiba ya ndege: viti, sehemu ya viti iliyojaa, ukitoa wanaounganisha safari bila kupita hapo, kisha abiria hutangulia kufika kwa muda gani kabla ya ndege kuondoka. Ndege za alfajiri zina mkondo wake wa kufika kwa abiria. Usiwape watu wa alfajiri tabia za watu wa mchana.

Mashine ya eksirei nayo haijali idadi ya watu, inajali trei za kuwekea vitu vyao. Njia inayopitisha trei 300 kwa saa inahudumia watu 150 wakitumia trei 2 kila mmoja. Makoti yakiongezeka na wastani ukawa trei 2.5, inahudumia watu 120 tu.

Modeli nyingi huharibikia kwa wafanyakazi. Mtu anachorwa kama mashine isiyochoka, ilhali Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kwa kawaida hauruhusu mkaguzi kutazama picha za eksirei mfululizo zaidi ya dakika 20. Upekuzi wa mwili hufanywa na mtu wa jinsia ileile. Mkaguzi pekee wa kike akienda mapumziko, abiria wa kike wanasimama hata kama njia zote ziko wazi. Mapumziko hayo na mizunguko ya wakaguzi kupokezana lazima iwemo ndani ya modeli.

Kabla ya kuamini matokeo, iga siku iliyopita ambayo foleni yake ilipimwa. Foleni ya modeli ikilingana na ile iliyopimwa, endesha modeli mara 100 au zaidi, kila mara kwa namba tofauti za nasibu (za kubahatisha), na usome muda ambao asilimia 95 ya abiria hawauzidi. Wastani wa kungoja dakika 4 unaweza kumficha aliyengoja 25.