PS4 au PS5: Gemu Moja, Matoleo Mawili, na Hesabu za Mnunuzi wa Kigoma

Mtoto wa dada yangu, anayeishi Gungu hapa Kigoma, alimwagiza ndugu yetu aliyekuwa Dar es Salaam amletee gemu ya mpira ya EA Sports FC 26. Maagizo yenyewe yalikuwa mafupi: alitaka "ile mpya, ya PS", yaani ya PlayStation, mashine ya gemu ya Sony. Diski ilisafiri kwa treni ya Reli ya Kati, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, ikafika salama katikati ya nguo ndani ya begi, lakini ilipoingizwa kwenye PS4 ya kijana mashine ilidai haiitambui. "Mjomba, mbona inagoma?" aliniuliza, huku akiigeuzageuza kuelekea dirishani kutafuta mkwaruzo. Mkwaruzo haukuwepo. Kasha lilikuwa na ukanda mweupe juu, ambao ni alama ya PS5, ilhali kasha la PS4 huwa na ukanda wa buluu. Aliyeuza aliuza kilichoombwa, na aliyetumwa alileta alichouziwa.

Gemu hiyo ilitoka Septemba 2025 kwa ajili ya PS4, PS5, Xbox One na Xbox Series za Microsoft, Switch na Switch 2 za Nintendo, na kompyuta. Jina ni moja na jezi ni zile zile, lakini kinachouzwa ndani ya kila kasha si kitu kimoja, na ndiyo maana mnunuzi anapaswa kuamua kabla ya kutuma fedha. Wachambuzi wa nchi za nje kwa kawaida huanza na ukali wa picha. Naona kwa mtu wa Kigoma ukali wa picha ungepaswa kuja mwisho kabisa, baada ya maswali mawili mazito zaidi: utacheza na nani na kwa pedi zipi za kuchezea, na je, gemu itakufikia ikiwa kamili?

Wanaotetea toleo la PS5 wana hoja nzito, na si haki kuwafanya watu wanaobabaishwa na majani ya uwanja kung'aa. FIFA 22 (FIFA ndilo jina la zamani la gemu hii) ilipotoka mwaka 2021, EA, kampuni inayoitengeneza, iliweka mfumo wa HyperMotion, unaojengwa kwa mienendo ya wachezaji halisi iliyorekodiwa wakicheza, kwenye matoleo ya mashine mpya tu. Wenye PS4, na mwaka ule hata wenye kompyuta, walinunua gemu yenye jina lile lile bila mfumo huo. Tofauti hiyo mtu huihisi kidoleni: beki anavyogeuka, anavyomwegemea mshambuliaji, mpira unavyomponyoka. Kuna pia suala la kusubiri. PS4 husoma data kutoka kwenye diski kuu inayozunguka, wakati PS5 hutumia hifadhi ya SSD, isiyozunguka na yenye kasi zaidi, na anayelipisha watu kwa mechi anajua kwamba kila dakika ya kusubiri uwanja ufunguke ni dakika isiyomwingizia kitu.

Ushahidi wao mkubwa zaidi hautoki kwenye mpira. Gemu ya hadithi ya Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020, na toleo lake la PS4 lilikuwa bovu kiasi kwamba Sony iliiondoa gemu hiyo katika duka lake la mtandaoni baada ya siku chache tu, ikarudi Juni 2021. Masahihisho makubwa ya 2.0 na nyongeza ya Phantom Liberty vilipokuja Septemba 2023, PS4 na Xbox One hazikupewa. Aliyenunua diski ya PS4 akitegemea kwamba mambo yatatengenezwa polepole alikuta wenzake wamevuka, yeye kaachwa gatini. Kwa gemu za namna hiyo, zilizobuniwa kwa nguvu ya mashine mpya kisha zikabanwa ziingie kwenye ya zamani, sina ubishi: mwenye PS4 pekee ni afadhali aache kuliko kununua.

Lakini gemu ya mpira si Cyberpunk. Toleo lake la PS4 huonyesha picha 60 kwa sekunde mchezo unapoendelea, sawa na la PS5, na ukali wa 4K ambao PS5 inajivunia haumfikii anayetumia televisheni ya inchi 32 isiyo na 4K, kama ile iliyotundikwa kwenye kibanda cha gemu ninachopita kila jioni. Mle ndani kuna benchi la mbao na pedi mbili za PS4 ambazo mpira wa vijiti vyake umelika hadi plastiki inaonekana. Moja imezungushiwa solotepu mahali ganda lake lilipoachia. Pedi hizo ndizo zinazobadilisha hesabu. PS5 huzikubali ikiwa inachezwa gemu ya PS4, lakini huzikataa ikiwa gemu ni ya PS5. Mwenye kibanda akipata PS5 na kuiwekea diski ya ukanda mweupe, atalazimika kununua pedi mpya kwa kila mkono unaokaa kwenye lile benchi. Akiiwekea diski ya ukanda wa buluu, zile za solotepu zitaendelea na kazi.

Hifadhi nayo inafuata mkondo huo huo. Gemu ya PS4 inaweza kuwekwa kwenye diski ya nje ya USB na ikachezwa kutoka huko huko, hata mashine ikiwa PS5. Gemu ya PS5 inaweza kutunzwa kwenye USB, ila haichezeki hadi irudishwe ndani ya mashine, au kwenye SSD ya ziada ambayo bei yake si ya mchezo.

Halafu kuna kuazimana, jambo ambalo sijaona likipewa uzito katika chambuzi za ughaibuni. Diski ya PS4 inaingia kwenye PS4 na kwenye PS5 yenye sehemu ya kuingizia diski. Ya PS5 inaingia kwenye PS5 peke yake. Kijana wa Gungu mwenye diski ya buluu anaweza kuibadilisha kwa wiki mbili na mwenzake wa Ujiji, na kuiuza msimu ukiisha bila kuhangaika kutafuta mteja. Ni kweli kwamba anayecheza mtandaoni lazima aangalie upande wa wapinzani wake pia, kwa kuwa tangu FIFA 23 toleo la PS4 hukutana na la Xbox One, na la PS5 hukutana na la Xbox Series na kompyuta, lakini vizazi hivyo viwili havikutanishwi. Ikiwa kaka yako wa Dar es Salaam anacheza la PS5, toleo lako la PS4 halitakupa mechi naye. Wala usidhani utaanza na la zamani kisha uhame na mafanikio yako yote: hata katika FIFA 21, ambayo wenye toleo la PS4 waliruhusiwa kuchukua la PS5 bila malipo, msimu wa ukocha ulioujenga miezi na miezi haukuhamishika.

Swali la pili, la gemu kufika kamili, linawahusu zaidi wanaotamani mashine zisizo na sehemu ya diski. Xbox Series S haina, PS5 Digital haina, na PS5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila hiyo. PS5 nyembamba iliyotoka mwisho wa 2023 ina sehemu ya diski inayochomoleka, ambayo nayo inahitaji intaneti ili isajiliwe mara ya kwanza. Gemu moja ya leo ni makumi ya gigabaiti, na anayenunua bando kwa simu anajua hiyo ni fedha ya aina gani juu ya bei ya gemu yenyewe. Aidha Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya Sony. Watu hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine na kutafuta kadi za malipo za nchi hiyo, na gemu iliyopakuliwa kwa njia hiyo haiazimiki wala haiuziki. Diski nazo si zote za kuaminika. Ile ya gemu ya vita ya Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022 ilikuwa na takriban megabaiti 70 tu, yaani sawa na ufunguo wa nyumba ambayo bado iko kwenye mtandao, na baadhi ya kadi za Switch 2 zinauzwa kwa utaratibu huo huo. Maandishi madogo nyuma ya kasha husema kama gemu inahitaji kupakuliwa, na ni vyema anayetumwa asome huko kabla hajalipa.

Kuhusu Switch sina mengi. Inabebeka na ina betri, hivyo umeme ukikatika dakika ya 80 mechi inaendelea, lakini kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23 matoleo yake yalibadilishiwa vikosi na jezi huku mchezo ukibaki ule ule wa zamani. Xbox ningeipendekeza kwa furaha kama ningemjua mtu mmoja hapa mjini wa kuazimana naye diski.

Kwa hiyo mwenye kibanda namshauri anunue toleo la PS4 mwaka huu, hata kama tayari ana PS5, kwa sababu ya zile pedi. Anayecheza peke yake nyumbani, mwenye PS5 na televisheni nzuri, hana sababu ya kujinyima HyperMotion.

Ugumu wa ushauri wangu ni kwamba una muda wake. PS2 ilizinduliwa mwaka 2000 na gemu yake ya mwisho ya FIFA ikawa FIFA 14, iliyotoka 2013. PS3 ilizinduliwa 2006 na ikaishia FIFA 19, iliyotoka 2018. Hiyo ni miaka 13 kwa moja na 12 kwa nyingine. PS4 ilizinduliwa 2013, na kwa FC 26 imeshatimiza miaka 12. Mpwa wangu nimemwonyesha hesabu hiyo, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama lile kasha la ukanda mweupe tulibadilishe kwa la buluu na jamaa wa Ujiji aliyekubali kuongeza elfu kumi, au tuliweke kabatini hadi tupate mashine yake. Jamaa wa Ujiji anasubiri jibu hadi Jumamosi.