Swala mkweli, mramba tapeli

Swala tomi wa Serengeti akikurupushwa na mbwa mwitu, mara nyingi hurukaruka juu, miguu yote minne imenyooka, badala ya kutimua mbio moja kwa moja. Kwa nini apoteze nguvu saa ya hatari? Amotz Zahavi, mwanabiolojia wa Israeli, alidai mwaka 1975 kwamba gharama ndiyo dhamana kwamba ishara ya mnyama, kama huko kuruka kunakotangaza nguvu, ni ya kweli: mnyonge hawezi kuiiga bila kuumia. Mwaka 1988 watafiti FitzGibbon na Fanshawe walionyesha kuwa mbwa mwitu huwaandama zaidi swala wanaoruka kwa uchache.

Hoja tamu, ila wanabiolojia Richard Dawkins na John Krebs walikwisha kuitilia shaka hoja ya namna hii mwaka 1978. Kwao, mnyama hupiga kelele ili amwendeshe mwenzake kwa faida yake mwenyewe. Ukweli ukitokea, umetokea tu.

Mramba, ndege wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, angewafurahisha. Akimwona mwewe hulia, na ndege waitwao zogoyogo pamoja na nguchiro wale wanaosimama wima kwa miguu miwili hukimbilia kujificha. Mara nyingine hulia pasipo mwewe yeyote, kisha hushuka kujichukulia mdudu aliyeachwa. Mwaka 2014 mtafiti Tom Flower na wenzake waliandika kwamba wizi huu humpa karibu robo ya chakula chake cha siku. Akishtukiwa hubadilisha mlio, hata kuiga sauti ya tahadhari ya hao hao anaowaibia. Utapeli wa kiwango cha juu, lazima tukiri.

Lakini mbona bado wanakubali kuingizwa mjini? Kwa sababu anayekimbia bure hupoteza mdudu, na anayempuuza mwewe wa kweli hupoteza uhai. Tena mramba huyo huyo hutoa tahadhari nyingi za kweli. Bila hizo uongo wake usingepata msikilizaji. Kwa hiyo Dawkins na Krebs wamepatia nusu tu.

Zahavi naye nadhani alivutwa mno na gharama. Swala dhaifu hazuiwi na bei ya kuruka. Miguu yake haimfikishi huko juu, basi. Zaidi ya hapo, swala mwenye nguvu na mbwa wote wawili hufaidika mbio zisizo na tija zikiepukwa, jambo ambalo mramba na nguchiro hawana wanapogombea mdudu mmoja. Kama ni hivyo, pale mwewe wanapoadimika, na kumsikiliza hakuna faida kubwa, nguchiro wanapaswa kumchoka mramba mapema zaidi. Hilo ningependa kuona likipimwa.